Ngoma Iliyolegea

"Zima!" Halidi alipiga kelele kutoka kwenye jenereta. "Vita, zima hiyo Brazili yako!"

Mwanvita alizima. Hakuzima kwa kutii; alizima kwa sababu alikuwa ameshasikia alichotaka kukisikia. Spika ya kushoto ilikuwa inakoroma, na besi ikipita mabati ya nyumba ya dada yake yanatetemeka. Aliruka kutoka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo walichopangia vyombo vya muziki, akakaza waya nyuma ya spika, akapanda tena. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Milima ilikuwa bado imejifunika ukungu, na uwanja wote ulinuka udongo na pilau ya sherehe ya kumtoa mwali.

Halidi alikuja akijifuta oili mikononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye roho nzuri saa zote isipokuwa saa za kazi. Ndiye aliyemtoa Mwanvita kwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye simu na flashi kule Mafiga, akamfundisha kukunja waya bila kuuvunja, kisha kupanga spika, na mwisho akamsimamisha mbele ya mashine, watu wa mjini wakacheka kuona dijei mwanamke. Deni hilo Mwanvita alilijua, na lilimkaa kifuani.

"Unaikumbuka ile harusi ya Kilakala?" Halidi aliuliza.

"Naikumbuka, bosi."

"Ukaweka hiyo Brazili, bibi harusi kasimama katikati ya ukumbi kama kapoteza kiatu. Mama mkwe hakukufuata wewe, alinifuata mimi. Spika zimeandikwa Halidi."

"Alikuwa anaingia na keki. Nilikosea wakati, sikukosea muziki."

"Leo ni singeli, mwanzo mwisho. Ukiweka tena hayo makelele, ukishuka hapo hupandi tena kwenye mashine yangu." Akarudi kwenye jenereta yake.

Halidi hakuwa na mazoea ya kusema jambo mara mbili. Mwanvita aliishika mikisa, ile mashine ya kuchanganyia nyimbo, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia sufuria isimwagike. Bila mashine ile angerudi kibandani, kuwawekea watu nyimbo za wenzake.

Hayo makelele yalimjia kwenye flashi ya Athanas, mwanafunzi wa chuo, aliyeileta kibandani awekewe taarabu za mama yake, akaisahau. Aliporudi kuichukua, Mwanvita alikuwa ameshasikiliza kila kilichokuwamo. Mlikuwa na michanganyiko mirefu ya madijei wa Brazili, muziki wenyewe unaitwa drum and bass: ngoma za samba zimekatwakatwa na kuongezwa mwendo, matari yanamwagika, mwanamke anaimba Kireno bila haraka, kama anayeanika nguo huku akiongea na jirani. Na chini ya yote, besi.

"Zipo nyingine?" ndilo swali pekee alilomuuliza Athanas.

Kireno hakujua hata neno. Lakini juu kulikimbia na chini kulitembea, kwa pamoja, na kitu hicho mwili wake ulikuwa unakifahamu. Aliwahi kuwa mwali yeye mwenyewe, akawekwa ndani na kufundwa. Aliwahi kutolewa nje kwenye nyumba hiihii, amebebwa mabegani, ngoma ndogo zikimtikisa mabega huku aliyembeba akikanyaga polepole kwa kuifuata ngoma kubwa. Kumbe kuna watu ng'ambo ya bahari wanacheza hivyohivyo, na hakuna aliyewacheka.

"Shikamoo mjomba," alisema, maana Mjomba Stambuli, mpiga ngoma wa siku hiyo, alikuwa amefika ubavuni mwa kirikuu, uso umemshuka.

"Marahaba, mwanangu. Mambo yameharibika huku."

Upepo ulikuwa umeisukumia mvua barazani, ngoma zote zimelowa. Ngoma huoteshwa moto wa nyasi kavu mpaka ngozi ikaze, na nyasi kavu siku hiyo zingetoka wapi? Moto ulitoa moshi tu, ukamliza kila aliyeusogelea. Stambuli aliibonyeza ile ngoma kubwa kwa kidole gumba, ngozi ikabonyea kama papai lililoiva kupita kiasi.

"Tangu nianze kupiga sijawahi kupiga ngoma iliyolegea mbele za watu," alisema. "Na leo sianzi. Wekeni mashine yenu. Mwali hatoki kimyakimya."

Dada yake, Mwanahawa, alitoka ndani, kanga imefungwa kiunoni kwa kukaza. Latifa, bintiye wa kwanza na mwali wa siku hiyo, alikuwa tayari mlangoni, ameinamisha uso kama alivyofundwa, na Abasi, kijana aliyechaguliwa kumbeba, alikuwa amechuchumaa ili apandwe mabegani.

"Njia inateleza, mdogo wangu," Mwanahawa alimwambia kwa sauti ya chini. "Mguu wa mwanangu ukigusa chini kabla ya kufika uwanjani, nitauweka wapi uso wangu? Tafadhali, weka kitu kitakachomfikisha."

Mwanvita alimtazama Halidi. Halidi alinyoosha kidole kuelekea mashine.

Akaweka singeli.

Watu walilipuka kwa vigelegele. Abasi alisimama na Latifa mabegani, akaanza kushuka kile kiteremko cha matope, na singeli haina pa kukanyagia. Yote inakimbia, juu inakimbia na chini inakimbia. Miguu ya Abasi ikaanza kuifukuza. Hatua moja, mbili, tatu za harakaharaka, kisha kisigino kikachomoka. Latifa alipiga ukelele na kumshika Abasi masikio. Wanawake wakasema "Yalaa!" kwa pamoja. Abasi alijishikiza kwenye mgomba, akapata kusimama, jasho linamtoka, na njia iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko aliyoimaliza.

Mwanvita hakuunganisha nyimbo kama alivyofundishwa. Alikata.

Ukimya ulikuwa mfupi kuliko kupepesa macho. Kisha matari yakamwagika kutoka spika zote mbili, ngoma za Brazili zikaja nyuma yake zikigombania nafasi, na chini kabisa besi ikaanza kutembea: duu. Duu. Abasi aliinua kichwa. Mguu wake ukangoja, ukaisikia, ukakanyaga. Akangoja, akakanyaga tena. Huko juu mabega ya Latifa yakaanza kutikisika yenyewe.

"Vita!" Halidi alikuwa ameshafika, mkono ukingoni mwa bodi ya kirikuu. "Nilikwambia nini?"

"Uliniambia, bosi."

"Shuka."

"Sishuki."

"Hujanisikia?"

"Nimekusikia tangu asubuhi. Mtoto akifika uwanjani nitashuka mwenyewe, na usinipandishe tena. Nitarudi Mafiga nikawekee watu nyimbo. Lakini sasa hivi, mbele ya mashine hii, sishuki. Kama unataka kunishusha, panda unibebe na mimi."

Mtu mmoja alicheka. Hicho ndicho kilichomuudhi Halidi. Aligeuka, akaenda kwenye jenereta kwa hatua kubwa, akaizima.

Muziki ukafa. Abasi alibaki katikati ya kiteremko, mguu mmoja umeinuliwa, hajui auweke wapi. Latifa aliyumba.

Mwanvita alivua spika za masikioni alizokuwa amevaa, akazitupa kando, akaanza kupiga makofi. Aliyapiga kama matari ya kwenye flashi, ya haraka, yaliyovunjikavunjika. Mwanahawa alimtazama mdogo wake, akaanza kuyafuata. Akafuata wa pembeni yake, kisha kina mama wote, makofi yakatapakaa uwanja mzima. Lakini yalikuwa ya juu tu. Chini hapakuwa na kitu, na mguu wa Abasi ulikuwa bado hewani, unatetemeka.

Duu.

Ilitoka barazani, nzito na nene, zaidi ya ngoma yoyote iliyowahi kupigwa pale. Watu waliisikia tumboni kabla ya masikioni. Mjomba Stambuli alikuwa ameiweka ile ngoma kubwa iliyolowa katikati ya mapaja, amekaza macho sakafuni kama mtu anayefanya jambo la aibu. Akaipiga tena kwa kiganja kizima. Duu. Abasi akakanyaga.

"Piga, mjomba!" Mwanvita alipiga kelele. "Piga hivyohivyo, usiikaze!"

Mabega ya Stambuli yalishuka, na mkono wake ukaanza kufurahia. Halidi alisimama kando ya jenereta, kidole bado kipo kwenye swichi, hawashi wala haondoki. Mwanvita alikuwa bado juu ya kirikuu, mikono inamuwasha kwa makofi. Na Latifa alipita mbele yao wote, ameinamisha uso, mabega yanakwenda mbio, nyayo zake zenye hina zikining'inia juu ya matope, kavu.