Goti la Mwanaamina

Mwaka 1998, mtaani Ufukoni, wachache walimwita Mwanaamina kwa jina lake. Alikuwa "mkimbiaji wa Jumanne". Jumanne ndiye mumewe, baba wa binti yao Farida, na ndiye mwalimu wake wa mbio. Zamani aliuwakilisha mkoa yeye mwenyewe, mpaka goti lilipomgomea. Tangu hapo hamu yote akaihamishia kwa mkewe.

Kila baada ya sala ya alfajiri Mwanaamina alikimbia barabara ya Mikindani, Jumanne nyuma yake kwa baiskeli. Mashindano yalipokaribia, akamwongezea mwendo: kwenda na kurudi, bila siku ya kupumzika. Ndipo goti la kulia likaanza kuuma chini ya pia yake. Kwenye mteremko lilichoma kama limepigiliwa msumari.

Alikwenda zahanati kwa siri. Mganga akalibonyeza goti, akasema, "Umeongeza mbio ghafla mno. Pumzika, la sivyo utaliharibu."

Apumzike vipi? Wageni wakija, Jumanne aliwasimulia mbio kabla hata hajawakaribisha chai. Mama mkwe naye kila mlo alimwekea kipande cha samaki kilichonona, "upate nguvu, mwanangu." Mwanaamina akameza vidonge vya maumivu, akaendelea kukimbia.

Asubuhi moja, kwenye mteremko wa kuingia Mikindani, mguu ukakataa. Akaketi kando ya barabara.

"Inuka, Mama Farida! Hayo maumivu yatapita. Mimi nilikimbia nayo hivyo hivyo."

"Ndiyo maana leo unaendesha baiskeli," alisema Mwanaamina.

Jumanne akageuza baiskeli. Akampakia nyuma, akaanza kuupanda mlima kurudi. Katikati pumzi ikamwishia. Akashuka, akasukuma huku akichechemea, jasho likimtiririka. Mwanaamina alitamani kushuka amsaidie, lakini hata kusimama hakuweza.

Mashindano yakapita bila wao. Kila jioni Jumanne alimkanda goti kwa maji ya moto, taratibu, bila kuchoka wala kumlaumu. Mwanaamina akathubutu kudhani mambo ya mbio yameisha. Siku goti lilipokunjika bila maumivu, mumewe alicheka kwa furaha.

"Umeona? Baada ya Idi tunaanza tena. Safari hii polepole."

Mwanaamina akautazama uso ule, akatafuta neno la kukataa, asilipate.

"Inshallah, Baba Farida," akasema, akaufunika mguu kwa kanga.