Vijiti Vyekundu

"Haya ni mate, mzee," alisema mpimaji, akikiinua kikopo hadi usawa wa macho ya mgonjwa. "Nilikuambia makohozi. Mate hata mbuzi anayo."

Mzee aliyesimama upande wa pili wa dirisha la maabara alikitazama kikopo chake kwa haya. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri ili akiwahishe. "Jana niliombewa, mwanangu. Kikohozi kimelegea."

"Basi aliyekuombea akusomee na majibu."

Wawili watatu kwenye foleni walicheka, na mpimaji akaridhika. Alimpa mzee kikopo kingine, akamwelekeza nyuma ya jengo, penye upepo, akakohoe kutoka ndani. Kisha akageukia ukuta na kukohoa yeye mwenyewe ndani ya barakoa, mara tatu, kikohozi kizito chenye mkwaruzo.

"Kumbe na wewe, mwanangu," alisema mzee, bila ubaya wowote.

"Vumbi," alisema mpimaji.

Vumbi hilo lilikuwa limetimiza wiki ya sita.

Hospitalini walimwita Hakika, kwa kuwa kila alichosema alikuwa na hakika nacho. Alisoma miaka miwili akapewa cheti, na cheti hicho kilining'inia sebuleni kwa dada yake, alikokaa bure, mahali ambapo dada alitaka kuweka saa. Kazi yake ilikuwa kupaka makohozi kwenye kioo, kuyatia rangi, na kutafuta kwa hadubini vijiti vyekundu vya kifua kikuu. Aliifanya vizuri, hilo hatumnyimi. Kilichochosha watu ni mdomo. Aliyeomba Mungu kabla ya kupimwa alikuwa mjinga, aliyechelewa kuja alikuwa mpumbavu. "Ukikohoa wiki mbili unakuja hapa," alizoea kuwakemea. "Ulikuwa wapi siku zote?" Watu wazima wenye wajukuu walijiumauma mbele yake.

Asubuhi hiyo dada yake mdogo alikuwa amemsihi tena, huku akikunja nepi za mtoto. "Kaka, jioni kina mama wanakuja kwa maombi. Kaa nao dakika tano tu, wakuombee hicho kifua."

"Wamesomea chuo gani?"

"Haya, wasikuombee. Si una maabara? Kapime."

"Nikapime vumbi?"

Alisema hivyo mpwa wake wa miezi kumi akiwa amejilaza kifuani pake, pajama ikiwa imelowa udenda. Kila jioni mtoto alipata usingizi hapohapo, hakutaka kwingine. Kazini mtaalamu wetu alivaa barakoa saa nane mfululizo, akafungua madirisha, akawafukuza wagonjwa wasimkaribie. Nyumbani aliivua, akafunga dirisha kwa ajili ya mbu, akamlaza mtoto kifuani. Eti nyumbani ni kwa watu wake.

Lakini neno la yule mzee lilimkaa. Au labda si neno, labda ni vile vicheko, ambavyo mara hii alihisi vinamcheka yeye. Saa saba mwenzake alipokwenda kula, alichukua kikopo, akazunguka nyuma ya jengo kama mwizi wa kuku, akakohoa. Hakuandika jina lake. Aliandika daftarini namba ya kubuni.

Alipaka, akakausha, akapitisha kioo kwenye moto. Akamwaga rangi nyekundu na kuipasha hadi ikafuka mvuke. Ikabaki kuiosha. Maji safi ya maabara, yale yaliyochujwa kwa mvuke, yalikuwa yameisha tangu juzi, na akafungua bomba. Juu ya bomba hilo palikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: MAJI YA BOMBA MARUFUKU KUOSHEA VIOO. Maana kwenye bomba huishi vijidudu visivyo na madhara ambavyo navyo hushika rangi nyekundu, na kumdanganya asiyejua. Yeye alijua. Akaosha kwa bomba, akatia asidi, akaosha tena, akamalizia na rangi ya buluu.

Kanuni inataka sehemu mia za kioo zitazamwe kabla ya kusema hakuna kitu. Aliweka tone la mafuta, akainamia hadubini, akaanza kuhesabu kwa kidude cha kubonyeza. Moja, safi. Mbili, safi. Kufikia ya ishirini midomo ilikuwa inacheza ndani ya barakoa, na haikuwa inahesabu. Isiwepo, ilisema. Isiwepo, isiwepo. Hakumtaja anayemwomba, maana alikwisha kuwatangazia wote kwamba hamjui. Aliomba hewani tu, kama anayegonga nyumba aliyoitukana jana.

Kwenye ya arobaini na moja kulikuwa na kijiti. Chembamba, kimepinda kidogo, chekundu. Kwenye ya arobaini na mbili vilikuwa vitatu.

Angekuwa mgonjwa mwingine, angeandika dakika hiyohiyo na kupiga kelele dirishani. Sasa alijiegemeza kitini akawa mpole ghafla. Ni bomba, alijiambia. Vijidudu vya maji. Sayansi ilikuwa wazi kabisa juu ya jambo hilo. Hivyo ndivyo alivyokuwa amejiachia mlango wa kutorokea, huyu mtu wa hakika, na alipojiona amesimama mlangoni aliona aibu iliyompanda hadi masikioni.

Aliondoka akaenda kwa mfamasia kuomba chupa ya maji safi.

"Umekuwa wa kuomba siku hizi?" mfamasia alimtania.

Alichukua chupa, akarudia yote tangu mwanzo kwa kikopo kilekile, na mara hii akaosha ipasavyo. Hakuhitaji kufika mbali. Vilikuwemo tangu sehemu ya tatu, viwili, vinne, vingine vimelaliana. Alihesabu hadi mia hata hivyo. Kisha akafuta namba ya kubuni kwenye daftari na kuandika jina lake, kwa mwandiko mbaya.

Kioo cha dirisha kikagongwa. Dada yake alikuwa amesimama nje na bakuli la chakula mkononi, mtoto ubavuni. "Umesahau chakula chako, kaka. Tumepita tu. Hebu mshike kidogo, mkono umekufa ganzi."

Mtoto alikwisha mwona. Akanyoosha mikono yote miwili.

Mpimaji alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati. "Usimsogeze. Rudi hatua tatu."

"Kwani nini?"

"Ninacho," alisema. "Kifua kikuu. Nimepima mara mbili. Mpeleke kwa daktari wa watoto leo hii, na wewe mwenyewe ulete makohozi."

Dada alirudi nyuma. Hakulia, wala hakumtaja Mungu. Alimtazama, na katika macho yale mpimaji aliona dharau aliyoifahamu vizuri, maana kila siku aliigawa mwenyewe kupitia dirisha hilohilo.

"Wiki sita," alisema dada. "Mimi nilikuwa naomba upone. Wewe, kaka, ulikuwa unaomba liwe vumbi. Na mwanangu ukimlaza hapo."

Alitaka kumwambia kwamba kuna dawa, kwamba watoto hupewa kinga, kwamba si wote wanaoambukizwa huugua. Yote yalikuwa kweli, na yote aliyajua kwa moyo.

Yule mzee wa asubuhi, kikopo cha pili mkononi, alisogea kando kwenye foleni kumpisha mama na mtoto.

Mtoto alikuwa bado ameinyoosha mikono. Alipoona hapokelewi, aliishusha, akamkazia macho mjomba wake kupitia kioo. Kisha akakohoa, kikohozi kidogo, kimoja, huenda cha kuiga kama watoto wanavyoiga kila kitu, akafumbua kinywa chenye meno mawili na kungoja mjomba acheke.