Mayungiyungi ya Rejaf

Mama mkwe alikuwa hataki kula. Mwanawe Duop, mume wa Kerubo, alikuwa amemtoa Bentiu, ambako mafuriko yalimeza boma lao lote, na tangu afike Juba alikuwa akigusa chakula kwa ncha za vidole kisha anasukuma sahani. Kerubo alimpikia ugali, wali, chapati, hata chinsaga, mboga chungu ya kwao Kisii, akaichemsha na maziwa mpaka ikalainika. Mama Nyaruot alinusa, akashukuru, akaenda kukaa langoni akitazama barabara.

Kerubo hakuwa na raha. Yeye ni mpishi wa hoteli, amelisha wageni wa kila namna. Na hapa nyumbani kwake, mtaa wa Hai Malakal, mtu alikuwa anakonda mbele ya macho yake. Usingizini alikuwa anashtuka, anaenda kusikiliza mlangoni kwa mama kama bado anapumua.

"Mwache, atazoea," Duop alisema. "Hata mimi nilizoea kambi ya Kakuma."

"Wewe ulikuwa mtoto, Duop."

Jumamosi moja asubuhi, Duop akiwa kazini, Kerubo alitoka kufua akakuta kiti cha langoni kitupu. Aliita chumbani, akaita chooni. Akatoka mbio na mikono imejaa povu mpaka kwa Sanyu, Mganda anayeuza mboga pale kona.

"Mama mzee? Yeye alipanda boda," Sanyu akasema. "Yeye iko nauliza bahar, mahali maji inalala. Ule wa boda nasema Rejaf."

Bahar ni mto. Kerubo hakungoja. Njia nzima ya Rejaf alimpigia dereva wa boda kelele aongeze mwendo, na dereva alipoongeza akamshika mabega kwa hofu. Mama aliyepoteza nyumba, mama asiyekula, anatafuta maji ya nini?

Alimkuta kwenye kidimbwi kando ya mto, maji yamemfika kiunoni.

"Mama! Toka! Mama, tafadhali!"

Mama Nyaruot aligeuka. Alikuwa anacheka. Kerubo hakuwahi kumwona akicheka. Pande zote mayungiyungi yalikuwa yamefunika maji, na mama alikuwa anachimba tope kwa vidole vya miguu, anang'oa mizizi ya mviringo kama viazi vidogo, anairusha ukingoni.

"Taal," akamwita, njoo. Kerubo hajui kuogelea. Aliingia na viatu vyake vivyo hivyo, akapokea ua moja baada ya jingine, yale yaliyokwisha kunyauka na kufunga vichwa vilivyojaa mbegu.

Nyumbani mama alishika jiko mwenyewe. Alichemsha viazi vile, akavimenya vingali moto. Mbegu aliziosha, akazitwanga, akazikoroga kwenye uji mzito wa mtama. Kerubo alizunguka nyuma yake, anauliza kwa Kiarabu chake cha sokoni, anaonja. Kiazi kilikuwa na ladha ya nduma iliyokaa sana shambani, na uchungu kidogo mwishoni. Akaonja tena.

Hapo Duop akaingia. Aliona sufuria, akasimama.

"Nani ameleta hii kwangu?"

"Mama alikuwa—"

"Tulikula hii tukikimbia vita, Kerubo! Kila siku, hii tu. Dada yangu Nyachuol alikufa ikiwa mdomoni. Mwaga!"

Kerubo alishika sufuria. Hakujua aimwage au aipakue. Mama yake Duop ndiye aliyesema, polepole, kwa Kiarabu, ili mkwe wake naye asikie.

"Nyachuol aliuawa na homa. Mwaka nilioolewa tulikula hii, tukacheza ngoma. Baba yako aliipenda kuliko samaki. Wewe unaijua kwa vita tu."

Duop aligeuka. Akatoka nje. Wakamsikia akitembea uani, kutoka ukutani mpaka langoni na kurudi.

"Nimwite?" Kerubo akauliza.

"Mwache atembee. Nipakulie."

Akala. Alikula mpaka akakwangua sahani, akaongezewa, akala tena, na Kerubo akakaa chini sakafuni akimtazama.

Siku hizi mama anakula hata ugali, akilalamika kwamba ni mgumu. Mashavu yamerudi. Duop hajaonja chakula kile mpaka leo, na Kerubo ameacha kumbembeleza. Lakini mama na Kerubo wakitaka kwenda Rejaf, ni yeye Duop anayewapeleka. Haketi. Anatembea ukingoni huku na huko, na kila mama yake anapoinama majini anamwita, anangoja ajibu, ndipo anaendelea kutembea.