Mikia ya Maneno Kwenye Kamba

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na mitatu. Nimeona mtoto akila chaki, nimeona mwingine akileta kuku darasani, sikushtuka. Kwa hiyo nikisema siku ile vinyweleo vilinisimama, ujue sitii chumvi.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya mwaka, na Mwalimu Mkuu alikuwa ametoa amri: mtoto asiyejua maana ya maneno thelathini kati ya hamsini ya orodha yake, anarudia darasa. Mkuu huyu nilimfundisha mwenyewe, kamasi zake nimezifuta kwa leso yangu, lakini cheo ni cheo. Mimi nilijua amri ile ingemwangukia nani. Alikuwa msichana wa dawati la nyuma, wenzake wakimwita Jongoo, maana ukimgusa na swali tu anajikunja. Alisharudia la pili, akarudia na la tatu. Akianguka tena angekaa darasa moja na mdogo wake. Mama yake, fundi cherehani, alikuja mpaka mlangoni akaniambia, "Mwalimu, akirudia tena huyu, harudi shule. Keshasema atabaki nyumbani anishonee vifungo, na ninavyomjua, simwezi."

Orodha za maneno mimi nilishazichoka. Mtoto anakariri leo, kesho ukimuuliza anakutolea macho. Basi muhula ule nilikata maboksi ya sabuni, nikaandika mashina ya maneno kwenye vipande vingine na miisho kwenye vingine. Miisho tukaiita mikia. Nikafunga kamba kutoka dirishani hadi kabatini, na vibanio vya nguo nikavibeba kutoka nyumbani. Mume wangu akauliza, "Sasa nguo tutaanika kwa meno?" Nikamwambia azivae hivyo hivyo mbichi.

Sheria ilikuwa moja. Ukibana mkia kwenye shina, lazima utoe sentensi ya kwenu. Si ya kitabuni, si ya jirani. Jambo lililotokea kweli nyumbani kwenu. Mtoto anabana mkia kwenye pik-, anasema, "Dada alinipikia chai nilipoumwa." Watoto walipenda mpaka wakawa wanasukumana kwenda kwenye kamba. Jongoo hakusimama hata siku moja. Alikaa akiitazama, midomo ikicheza bila sauti, nami nikamwacha. Watoto sitini na wawili, ulitaka nifanyeje?

Siku ya mtihani Mkuu aliingia na karatasi yake, akamwita yule msichana mbele. Neno la kwanza, akajikunja. La pili, akajikunja. Walipofika la kumi na tano alikuwa amepata mawili, na Mkuu akafungua kalamu. Hapo hasira zikanipanda.

"Hebu weka kalamu chini," nikamwambia, watoto wote wanasikia. "Hujui kumuuliza. Mpe shina moja, lolote, uone atafika nalo wapi."

Ukweli wa Mungu, nilisema kwa hasira tu. Sikuwahi kumsikia yule mtoto akiunda hata neno moja.

Mkuu alichomoa kipande kwenye kamba bila kuchagua, akampa. Kiliandikwa sem-. Yule mtoto alikitazama, akaenda kwenye kamba na kuanza kubana mikia, mmoja baada ya mwingine.

"Semea," akasema. "Mdogo wangu ananisemea kwa mama nikivunja kitu." Darasa likacheka, naye hakujikunja. "Semezana. Mama anasemezana na cherehani yake akidhani hatumsikii. Msemaji. Baba alikuwa msemaji, sasa kwetu inasema redio. Semeka. Mambo mengine ya kwetu hayasemeki."

Hatukuwa tumewahi kuunda semeka. Hatukuwa tumewahi kuunda semezana. Mikia ya kwenye kamba ilipokwisha, akageuza vipande, akaandika mingine nyuma kwa chaki. Nilisahau hata kuwanyamazisha watoto, na kumbe walikuwa wamenyamaza wenyewe.

Mwisho akabana miwili ya pamoja. "Semwa. Semeshwa. Shuleni nasemwa kila siku. Sisemeshwi."

Maneno hayo nimeishi nayo maisha yangu yote, nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu mara elfu, na sikuwahi kuyaona yakisimama namna ile. Mtoto wa miaka kumi amechukua vipande vya boksi la sabuni, akajenga kitu ambacho mimi na vyeti vyangu nisingekijenga. Niliona woga, woga ule wa kuwa karibu na jambo kubwa kuliko wewe.

Mkuu alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni. "Mwalimu, umewafundisha mikia mingapi?"

"Minane."

"Na huyu ameunda maneno kumi na saba. Ameyatoa wapi?"

"Usiniulize mimi. Yupo hapo mbele yako, muulize."

Akamgeukia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima wa shule ile kumuuliza kitu asichojua jibu lake. Mtoto akamjibu taratibu kwamba huyaunda nyumbani, akimsaidia mama yake. Kila kifungo anachoshona, neno moja.

"Na una maneno mangapi sasa?"

"Sijui. Vifungo ni vingi."

Mkuu akaikunja karatasi yake ya maneno hamsini, akaitia mfukoni. Akavuta daftari la darasa la nne, akafungua tena kalamu. "Haya, mwalimu. Nitajie jina lake."

Nikafumbua mdomo. Mimi huita rejista kwa namba, ili tumalize mapema. Yeye alikuwa arobaini na moja. Nikaanza kupekua kurasa, masikio yananiwaka moto, na Mkuu ananisubiri.

Kabla sijalipata, mtoto akalitaja mwenyewe. Alitaja majina yote matatu, kwa sauti iliyofika mpaka dawati la nyuma, na Mkuu akaandika.