Mpira wa Watu Sita

Kwa miaka kumi na tisa Sughra Bibi alishona mipira nyumbani kwake, kijijini nje ya mji wa Sialkot, Pakistani. Wakala wa kiwanda alimletea vipande vya ngozi na uzi wa nta, akarudi kuchukua mipira, akamlipa kwa kila mpira. Kisha kiwanda kikaacha kutoa kazi ya kushonea majumbani, kikawakusanya wanawake kwenye ukumbi wenye feni, kikatangaza mshahara wa mwezi.

Sughra aliwekwa mwisho wa meza ya watu sita. Watano waliunganisha vipande, kila mmoja na mshono wake. Yeye akawa wa kufunga mpira kwa mshono wa mwisho, kazi ngumu kuliko zote. Siku ya kwanza alifunga wake, akabaki mikono mitupu. Akainuka kumsaidia jirani. Msimamizi, Bwana Waqas, akamrudisha kitini.

"Kwa hiyo nakaa tu?"

"Subiri mwingine ukufikie, mama."

"Na mnanilipa?"

"Tunalipa muda, hatulipi mipira."

Akakaa, roho juu. Alidhani anapimwa ili afukuzwe. Alimuuliza mwenzake Kausar, naye akasema haelewi, ila chai ya saa nne ni ya bure na yeye haulizi zaidi. Mwezi ulipoisha, mshahara ulipita kipato cha nyumbani, lakini ulikuwa sawasawa na wa Nimra, binti wa meza yao aliyeshika sindano juzi tu. Sughra hakujua acheke au anune.

Wiki iliyofuata ulimfikia mpira wenye mshono uliopinda. Akaanza kuufumua. Mingine ikarundikana mbele yake, na Waqas akaja kumweleza kuwa kasoro ni kazi ya mkaguzi.

Nimra aliinamisha kichwa. "Shangazi, uache. Nimeharibu mimi. Sio wako huo."

"Basi ni wa nani?"

Nimra akawatazama wote mezani, mmoja mmoja. Waqas alikuna kidevu, akaondoka.

Sughra akaushona upya mshono ule, akaufunga mpira.

Asubuhi yake alikuta kiti cha Nimra kimesogezwa karibu na chake. Hakuna aliyemweleza kama ni adhabu au ni sifa. Basi akamshika Nimra kiganja, akamwonyesha namna ya kuvuta uzi bila kuukaza mno.