Thamista ya Amplifaya ya Marehemu Idrisa

Mdomo huponza kichwa. Fundi Uwesu wa Ng'ambo hakulazimishwa na mtu. Ni yeye mwenyewe aliyemwahidi Bi Swaumu, mbele ya majirani, kwamba amplifaya ya marehemu mumewe, Mzee Idrisa, itasema kwenye harusi ya mjukuu wao Najiat.

Amplifaya ilikuwa ya kizamani, ya taa za kioo. Kila ikiwashwa ilivuta umeme kwa pupa na kukata fyuzi. Angeweka fyuzi nene angeiunguza transfoma, na transfoma ile huipati Tabora wala Igunga. Dawa yake ni thamista, kidude cheusi mfano wa kifungo cha koti: kikiwa baridi kinaubana umeme, kikishapata moto kinauachia. Uwesu alikuwa nazo mbili, alizong'oa kwenye kompyuta mbovu. Ile kubwa haikubana vya kutosha, fyuzi ikakatika palepale. Ile ndogo ikabana barabara. Akaichagua hiyo, akawa anaijaribu kila asubuhi kabla ya chai, nayo ikawaka bila ubishi.

Siku ya harusi kasida zikapigwa mpaka watu wakatota jasho. Adhana ya alasiri ilipoanza msikiti wa jirani, Uwesu akaizima amplifaya kwa adabu, kama ilivyo desturi. Mwadhini alipomaliza tu, akaiwasha.

Ta! Kimya.

Akabadilisha fyuzi. Ta! tena. Uwesu akachanganyikiwa. Kifaa kilekile, umeme uleule, asubuhi inakubali, alasiri inakataa! Akaipima thamista kwa mita: ilikuwa imelegea, haibani kitu. Akaipuliza, ikaanza kubana. Akaishika, ikamchoma kidole. Imekufa au iko hai? Hakujua amwulize nani.

"Fundi, isomee Yasini!" mgeni mmoja akapiga kelele, watu wakaangua kicheko.

Ilibaki fyuzi moja. Mkono wake ukatoa mfukoni karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ile wanayozungushia fyuzi mafundi waliokata tamaa. Bi Swaumu akawa amefika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo karatasi ya nini?"

"Ya kuiwasha kwa nguvu. Ila yaweza kuiunguza moja kwa moja."

"Na bila karatasi?"

"Sijui, bibi, wallahi. Ikiwa baridi inawaka. Sasa ina moto..." Akakitazama kidole chake. "Labda tungoje ipoe. Labda. Lakini wageni watanizomea."

"Mimi naingoja tangu Idrisa afe," Bi Swaumu akasema. "Wao watashindwa kungoja kikombe cha chai?"

Akaamuru chai imiminwe. Uwesu akakaa chini akiipepea amplifaya kwa kawa, na aibu imemjaa mpaka masikioni. Vikombe vilipokwisha kukusanywa, akaweka fyuzi ya mwisho, akafumba macho, akawasha.

Fyuzi ikashika. Taa zikawaka taratibu, na kwenye spika ukaja mngurumo mzito. Uwesu akaona haya upya. Ubovu huo hakuwa ameutambua: asubuhi aliijaribu bila spika, na hapa kelele za harusi ziliufunika.

"Samahani, bibi, nitauondoa sasa hivi."

"Usiiguse!" Bi Swaumu akamshika mkono, machozi yakimtoka. "Idrisa alikuwa akiusikia huo, anakohoa kidogo, ndipo anaanza kasida."

Maikrofoni ilikuwa mezani, haina mtu. Hakuna aliyeisogelea. Wote walinyamaza, na Uwesu pamoja nao, wakisubiri kikohozi.