Ukuta wa Wodi ya Njiti

Saa nne kamili asubuhi mlango wa wodi ya watoto njiti ulifunguliwa. Saa tano kamili ukafungwa, na akina mama wakaswagwa nje kama kuku walioingia jikoni. Mama mmoja, mshonaji wa nguo, alitoka wa mwisho, blauzi haijafungwa vifungo. Bintiye alikuwa na kilo moja na robo, na kila siku alipungua. Daktari alishaandika kwenye faili: alale kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Sista mkuu alisoma, kisha akalizika faili chini ya mengine.

"Nyie mnaleta vijidudu," alisema. "Mashine ya joto ipo."

Mashine ilikuwa moja, na ndani yake wamelazwa watoto watatu.

Mshonaji akasogeza benchi la koridoni, akapiga magoti juu yake, akabandika kifua kitupu ukutani, usawa wa pale alipolala mwanawe.

"Wifi, watu wanakuona," alisema wifi yake aliyemshikia mkoba.

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Siku ya tatu, upande wa ndani, rangi ya ukuta ilibanduka, na chini yake kulikuwa na ngozi yenye joto na kovu la pasi kama lile lililokuwa kifuani mwa mshonaji. Nesi wa zamu aliigusa, akanawa mikono, akamfunga mtoto pale kwa shuka. Kufikia jioni midomo ya mtoto ilikuwa imerudi rangi yake. Wiki ilipokwisha, mama kumi na mmoja walikuwa wamejipanga koridoni, na watoto kumi na mmoja wananenepa ukutani.

Mkurugenzi wa hospitali alikuja kukagua. Aliugusa ukuta kwa ncha ya kalamu, vinyweleo vya ukuta vikasimama.

"Vizuri," alisema. "Ile mashine ya pili tusiagize."

"Bosi, mwenye kifua nipo hapa," mshonaji alisema. "Niingie."

"Mama, mtoto si anaongezeka? Unataka nini tena?"

"Kumshika."

Sista mkuu alichekea puani. "Ukiwapa shubiri, wanataka pima."

Ukuta ukaandikwa kwenye orodha ya vifaa, ukapewa namba. Mlangoni pakabandikwa tangazo jipya: ni marufuku mama kubanduka ukutani bila ruhusa.

Siku hiyohiyo ukuta ukaanza kutoa maziwa. Mshonaji alihisi kuvutwa, akauma meno.

"Wifi, ananyonya titi lipi?"

Wifi akaweka sikio ukutani. "La kushoto."

"Na mlango?"

"Wameutia kufuli."